Shangingi la petroli kuligeuza dizeli la kulala porini: kazi iko wapi hasa

Land Cruiser 80 za petroli, zile VX zenye injini ya 1FZ, zinauzwa bei ya kutupa ukilinganisha na dada zake za dizeli, na kila mpenda safari akiziona anapiga hesabu ile ile: nainunua, naing'oa hiyo petroli, naweka 1HZ, ile dizeli ya Toyota, nachonga kitanda nyuma, tenti juu, mwezi ujao niko Katavi. Wazo sio baya hata kidogo. Shida ni kwamba watu wanadhani wanabadilisha injini, wakati kuishusha na kuipandisha injini ndio sehemu nyepesi kuliko zote, fundi mzuri na vijana wake wawili na chenbloki wanaimaliza. Kinachokula hela na muda ni vile vitu vinavyoizunguka injini ambavyo vilikuwa vinaitegemea bila wewe kujua, na baada ya hapo uzito wa hiyo nyumba unayotaka kuibeba.

Tuanze na nguvu maana hapa ndio stori nyingi za vijiweni zilipo. 1FZ-FE ni lita 4.5, silinda sita, valvu 24, inatoa farasi kama 210 hivi na torki inayokaribia Nm 370. 1HZ ni lita 4.2, silinda sita pia, haina turbo, farasi 130 hivi na torki kama Nm 285. Umeona? Yaani unalipa hela ili gari ipungukiwe nguvu, na sio kidogo. Anayekuambia ukiweka dizeli gari "itavuta" zaidi anachanganya mambo mawili. Ile torki ya 1HZ ndogo kweli, ila inakuja mapema, kwenye mizunguko 2,200 tayari umeipata yote, kwa hiyo kwenye mawe na matope unaweza kuacha gari itambae yenyewe na lo gia bila hata kukanyaga mafuta. Kwenye lami, kupanda Kitonga nyuma ya lori na mzigo wako wa kambi, utapanda gia ya tatu na utazoea.

Na hesabu ya wese nayo iwekwe wazi. VX ya petroli ikiwa na mzigo huwa inakupa kama kilomita 5 na nusu kwa lita, 1HZ kwenye bodi hiyo hiyo kama 8. Kwa kilomita 10,000 tofauti ni karibu lita 570. Ukikadiria lita moja elfu tatu, umeokoa milioni moja na laki saba. Sasa tuseme mradi mzima umekula milioni 15, injini, giaboksi, fundi, waya, vikorokoro na soda za vijana, utahitaji kutembea karibu kilomita elfu tisini ndio hela irudi. Mtu wa safari mbili tatu kwa mwaka hiyo hafiki leo wala kesho. Kwa hiyo kama petroli yako bado nzima na unachotafuta ni kubana matumizi, iache, nunua madumu. Kubadilisha kunaingia akilini pale injini ya zamani imeshanoki au inakula oili, au pale unapotaka umbali: tenki la lita 95 kwa petroli linakufikisha kilomita 520 hivi, kwa dizeli unaikaribia 760, na ukiwa kati ya Mpanda na huko kwingine ambako sheli ni dumu lililowekwa barabarani, hiyo tofauti ni ya kulala na amani. Sababu nyingine ni ubishi wa 1HZ wenyewe, nitaufikia.

Kuhusu injini ipi, mafundi na wauzaji watakutajia nyingi. 1HD-T, ile ya turbo ya lita 4.2, ni tamu sana na ndiyo iliyokuwa kwenye 80 za dizeli za Japani, ila zile za mwanzo mwanzo zina sifa ya kula beringi za konrodi, ukiipata unafungua sampu unabadilisha kwanza ndio unaongea mengine. 1KZ-TE ya lita tatu ipo kila kona kwa sababu ya Prado na Surf, lakini ikichemsha mara moja tu silinda hedi inapata ufa, na kuitwisha bodi ya tani mbili na ushee pamoja na maji na kitanda ni kuitafutia sababu. D4D, zile dizeli mpya za Toyota za kompyuta, zina nguvu na zinabana mafuta, ila noseli zake na mafuta yetu haya hawapatani, na ikizingua huko Mlele unahitaji laptop sio spana.

Mimi kura yangu ni 1HZ na sababu sio mapenzi. Toyota walianza kuitoa mwaka 1990 na bado ipo kwenye zile Land Cruiser mkonga za halmashauri, za hospitali za misheni, za mashirika na za hifadhi, maana yake popote penye wilaya kuna fundi ameshaifungua na kuna duka lenye filta yake. Pili, na hili ndilo watu hawalipi uzito, Toyota wenyewe walitengeneza 80 yenye 1HZ ikitoka kiwandani, inaitwa HZJ80. Kwa hiyo mantingi, rejeta, bomba za maji, eksosi ya mbele, vyote vipo kama spea na vinakaa pale pale vilipokusudiwa. Ukichukua injini ambayo haijawahi kuwekwa kwenye bodi hiyo, kila kitu kinachongwa na kuchomelewa, na kila kilichochomelewa kina hamu ya kukatika kwenye barabara ya mabati ya kwenda Natron.

Nunua hafukati kama mfuko unaruhusu, yaani ile nusu ya mbele ya gari iliyokatwa ikaja na injini, giaboksi, waya zake na dashibodi. Injini peke yake utaipata kwa bei nzuri Gerezani au Ilala, lakini utamaliza wiki unatafuta brakiti moja ya altaneta, kipande cha bomba, na hauzingi ya klachi inayolingana. Na kabla haijapanda kwenye gari, ikiwa bado iko chini sakafuni, hapo ndio wakati wa kupima kompreshini silinda zote sita, kubadilisha taimingi belti na tenshena yake, wota pampu, themostati, sili ya nyuma ya krenki. Taimingi belti ya 1HZ inatakiwa ibadilishwe kila kilomita 100,000 na ya injini uliyoikuta sokoni hujui ina ngapi, na huyo muuzaji anayekuambia "hii imetembea kidogo tu mzee" naye hajui.

Giaboksi chukua ile iliyokuja na injini, ya mkono. VX nyingi za petroli ni otomatiki na hiyo otomatiki inaongozwa na kompyuta inayosikiliza injini ya petroli, ukiitoa hiyo injini inabaki kama kiziwi. Kwenda mkono maana yake pedali ya klachi, silinda zake mbili, na propela shafti zinabadilika urefu, fundi wa kuchonga vyuma anakata na kubalansi. Difu angalia kibati kilichopo kwenye ukuta wa injini kinachoonyesha alama ya ekseli, nyingi zina uwiano wa gia wa 4.1 na zinaenda vizuri tu na dizeli, hapo usipoteze muda. Mfumo wa 4x4 wa muda wote na loki ya katikati unabaki ule ule.

Sasa breki. Hiki ni kitu ambacho kimeleta vilio na watu wakasingizia mapedi. Busta ya breki inafanya kazi kwa uvutaji wa hewa, vakyumu. Injini ya petroli inatengeneza vakyumu yenyewe bure, kwa sababu pale kwenye manifoldi kuna kile kipepeo kinachobana hewa, kwa hiyo bomba moja tu kutoka manifoldi hadi kwenye busta linatosha. 1HZ haina kipepeo, hewa inaingia wazi, manifoldi haina uvutaji wowote wa maana. Toyota wakatatua hivi: mgongoni mwa altaneta ya 1HZ kuna pampu ndogo ya vakyumu inayozungushwa na shafti ile ile ya altaneta. Hiyo pampu inahitaji oili ya injini, ina kipaipu chembamba kinacholeta oili na bomba nene kidogo linaloirudisha kwenye sampu. Fundi akikuwekea altaneta nyingine ya bei rahisi isiyo na pampu, gari itawaka, itachaji, itatoka gereji vizuri, na ukishuka mlima wa kwanza ukakanyaga mara mbili tatu pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Na hata ikiwa ni altaneta sahihi, wakikosea lile bomba la kurudisha oili likajikunja, oili inajaa ndani ya pampu na nyingine inaanza kuingia kwenye altaneta yenyewe, umeme unakufa. Kabla hujalipa hela ya mwisho, washa injini dakika mbili, zima, kanyaga breki: inatakiwa upate kanyago mbili au tatu laini bila injini kuwaka. Ikikaza ya kwanza tu, gari isitoke hapo.

Umeme nao una mtego wake. 80 ya petroli ni ya volti 12. 1HZ nyingi zinazoletwa kutoka Japani zimetoka kwenye magari ya volti 24. Fundi wa haraka haraka atakuwekea betri mbili mfululizo upate 24 za kuwashia, halafu taa, redio, wipa na kila kitu cha zamani kitachukua 12 kutoka kwenye betri moja ya chini. Inafanya kazi, wiki kadhaa. Kinachotokea ni kwamba altaneta inachaji zote mbili kwa pamoja ikidhani zina njaa sawa, ila moja inanyonywa na nyingine haiguswi, ile ya chini inakuwa na njaa siku zote na ya juu inachajiwa kupita kiasi mpaka inachemka na kukauka maji. Unanunua betri, zinakufa tena, unamlaumu muuza betri. Njia safi ni kuishusha injini iwe ya volti 12: unabadilisha stata, altaneta, hita plagi pamoja na rilei yake, na soleneidi ya kuzimia iliyopo kwenye pampu ya dizeli. Ni vitu vinne tu na vyote vipo, kwa sababu 1HZ za masoko mengine zilitoka na volti 12 kiwandani. Ukishamaliza hapo unaupata uzuri wa hii injini: ili iendelee kuwaka inahitaji waya mmoja tu, ule wa soleneidi. Hakuna kompyuta, hakuna sensa ya kuugua. Ukikatikiwa na kila kitu porini, waya mmoja kutoka betri hadi pale na kuisukuma kwenye mteremko, inaondoka.

Tenki la petroli usilirithi kizembe. Lishushe, litoe pampu ya umeme ya ndani, lioshe likauke kabisa, maana petroli iliyobaki ikichanganyika na dizeli inaenda kukausha pampu. Pampu ya 1HZ ni ya rotari na haina oili yake, inalainishwa na dizeli inayopita ndani yake, kwa hiyo chochote chepesi kinachopita humo kinaikwangua. Ndio maana mafuta yaliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa yanaiua taratibu. Hali imekuwa afadhali kuliko zamani, EWURA, wadhibiti wa nishati, walianza kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambua mafuta halali, kwenye mafuta mwaka 2010 na mwaka 2011 serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili mtu asione faida ya kuchanganya, lakini huko vijijini unakonunua kwenye dumu hakuna vinasaba vya mtu, na maji humo ndio kawaida. Weka filta ya pili yenye glasi ya kutenganisha maji, iweke mahali unapoiona ukifungua boneti, na ile pampu ya mkono juu ya filta ihakikishe haivuti hewa. Rejeta tumia ya dizeli, ya petroli usiilazimishe.

Kuna jambo la mwinuko ambalo wengi hawalifikirii mpaka wafike. Injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Chukua ile barabara ya Chimala kupanda Matamba kwenda Kitulo, ile ya kona hamsini na saba. Ukifika juu uko kwenye mita 2,600 na kitu, farasi wako 130 wamebaki kama mia, na gari ina moshi mweusi kwa sababu pampu inamwaga dizeli ile ile wakati hewa imepungua. Baadhi ya pampu za 1HZ zina kifaa kinachopunguza mafuta chenyewe kulingana na mwinuko, ukiweza kupata yenye hicho chukua. Wengine wanasema weka turbo. Inawezekana, lakini kompreshini ya 1HZ ni zaidi ya 22 kwa 1, iko juu sana, haikuundwa kusukumiwa hewa, kwa hiyo turbo iwe ya presha ndogo na uwe na geji ya joto la eksosi mbele ya macho yako na nidhamu ya kuachia mafuta ikipanda. Kama hiyo nidhamu huna, na wengi hatuna tukiona lori la kuovateki, baki bila turbo, panda polepole, ua la Kitulo halikimbii.

Haya, gari inatembea. Sasa nyumba. Hapa kitu cha kwanza ni mzani na watu hawaupendi. 80 tupu ina kama tani 2.3, na kikomo chake ikiwa imejaa kila kitu ni karibu tani 3. Una kilo mia saba za kuchezea na watu wamo humo humo. Watu wazima wawili, 150. Maji lita 60, kilo 60. Tenti ya juu na keria yake, 100. Bampa ya chuma na winchi, nyingine 100 na zaidi. Tairi la pili la akiba 35. Madumu mawili ya dizeli 40. Friji ikiwa imejaa 40. Betri ya pili, zana, jeki, koleo, 65. Bado hujaweka kitanda wala sufuria na umebakiwa na kilo mia na kidogo. Mbao ndio zinaua kimya kimya: shiti moja nzima ya plaiwudi ya milimita 18 ina kilo zaidi ya 30, na seremala wetu anapenda 18 kwa sababu ndio anayotengenezea makabati. Mwambie 12, na yale matako ya droo asiyafunge yote, akate matundu. Halafu injini ya farasi 130 itakushukuru.

Mimi ningeacha tenti ya juu kabisa. Uzito wa juu ndio unaoipindua gari kwenye mteremko wa pembeni, na Katavi mbung'o wanafuata kitu chochote kinachotembea, unataka uweze kuruka kutoka siti ya mbele kwenda kitandani bila kufungua mlango. Ukiondoa siti za nyuma za 80 unapata nafasi ya mtu wa kimo cha kawaida kulala akiwa amenyooka, kitanda kiwe juu ya droo, na juu ya kitanda ubakize nafasi ya kukaa bila kugonga paa, hili lipime ukiwa umekaa kabla seremala hajakata. Vyandarua vya madirisha shonesha vya kubandika kwa sumaku. Friji ya kompresa inakula kama Ah (ampea-saa) 30 mpaka 45 kwa siku kwenye joto letu, betri ya kawaida ya Ah 100 usiinyonye zaidi ya nusu, kwa hiyo ni siku moja na kidogo bila jua au bila kutembea. Betri ya lithiamu inakupa karibu yote, ila usiiweke chini ya boneti, joto la pale linaimaliza, iweke ndani nyuma ya siti. Na betri ya kambi itengane na ya kuwashia kwa chaja ya kati au rilei, maana 1HZ asubuhi ya baridi na hita plagi sita inataka betri yenye nguvu kweli.

Springi za koili za nyuma weka ngumu zaidi baada ya kila kitu kuwa ndani, sio kabla. Pakia gari kama vile unaondoka, maji yakiwa yamejaa, ipeleke kwenye mzani wowote wa malori wa mtu binafsi, pima ekseli ya mbele na ya nyuma, ndio uagize springi na shokapu. Ukinunua kwanza utanunua mara mbili.

Mwisho makaratasi, na hili lifanye mapema sio ukiwa umeshapanga safari. Kadi ya gari ina namba ya injini na aina ya mafuta, vyote viwili vimebadilika. Tunza risiti ya injini na hati zake za kuingizwa nchini tangu siku unayoinunua, maana ndizo utakazoulizwa ukienda kubadilisha taarifa TRA na gari kukaguliwa, na injini isiyo na karatasi hata iwe nzuri vipi iache pale pale dukani. Askari wa barabarani anaweza asifungue boneti mwaka mzima, lakini mpakani Namanga au Tunduma wanafungua, wanalinganisha namba ya kwenye bloku na ya kwenye kadi, na hapo hakuna stori. Bima ya ndani haivuki mpaka, chukua Yellow Card ya COMESA, Tanzania ipo kwenye mpango huo pamoja na Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Zambia. Na mwambie wakala wa bima kwa maandishi kwamba gari imebadilishwa injini na ina vifaa vya kambi, la sivyo ikiungua watakulipa ya petroli yenye siti zake zote, kama watalipa.